Watano Chini

Bathsheba aliandika neno moja, akalihifadhi, kisha akaifuta programu nzima.

"Aa, madam!" Byron, muuza kompyuta wa Migori mjini, alishika kichwa. "Hata hujaionja, ushaitapika?"

"Neno langu liko wapi?"

Byron akatafuta. Halikuwapo. Programu ya pili ilikuwa na madoido yote ya dunia, lakini ilidai akaunti na intaneti. Walipoifuta, neno likaenda nayo. Ya tatu ilikuwa kavu kama muhogo wa kiangazi. Wakaifuta pia. Neno likabaki, limejilaza ndani ya folda, kwenye faili la kawaida.

"Hii haikufungi," Byron akasema. "Maandishi ni yako. Unafungua na chochote, unanakili kwa flashi, unaongeza, unapunguza. Faili ni kama daftari, haliulizi kalamu ni ya nani."

"Niwekee hiyo."

Bathsheba ndiye aliyeandika majina kule Masara, kwenye shimo la dhahabu la Nicanor: nani ameshuka, nani amepanda. Mwaka uliotangulia, majina yalikaa kwenye programu yenye akaunti ya Nicanor. Siku shimo lilipobomoka, akaunti ikafungwa, orodha ikayeyuka, na Nicanor akaapa kwamba walioshuka ni wawili. Wawili wakatolewa. Waokoaji wakakunja kamba zao. Shimo likafukiwa, na jipya likachimbwa hatua ishirini upande wa mawio.

Wa tatu alikuwa mume wake. "Baba Lynnet ametorokea Tanzania na mwanamke," Nicanor akasambaza, na watu wakacheka. Bathsheba alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Neno la mke bila karatasi ni upepo. Juma lililofuata akarudi kazini kwa Nicanor, na watu wakasema hana haya.

Nyumbani, karibu na Asumbi, mama mkwe alichoka kungoja. Kwa Wajaluo, aliyepotea bila mwili kupatikana huzikiwa tunda la mti wa yago mahali pake, na kilio kikaisha. Tunda lilikuwa tayari limechumwa, limelazwa kwenye kona ya nyumba na kufunikwa shuka kama mgonjwa.

"Ngoja kidogo, Mama," Bathsheba alimwomba kila Jumapili.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, ardhi ilikohoa. Vumbi lilipanda kutoka mdomo wa shimo, na wanawake wakaanza kupiga nduru. Nicanor hakukimbilia shimoni. Alikimbilia kibanda cha mabati, akaivuta laptopu ya Bathsheba, na kwa kidole chake mwenyewe akaifuta ile programu.

"Walioshuka ni wawili. Umesikia, mama Lynnet? Wawili. Sitaki kesi."

"Nimesikia."

Alipotoka, Bathsheba alifungua folda, akafungua faili la siku hiyo. Akaandika neno moja. Akahifadhi, akanakili kwa flashi, akaitia kifuani.

Afisa wa serikali, mama mmoja wa makamo mwenye koti la manjano, alifika na waokoaji.

"Wawili tu," Nicanor akamwambia.

Bathsheba akatoa flashi. Afisa akaichomeka kwenye kompyuta yake, faili likafunguka bila hodi. Akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Hapa wako watano."

Umati ukanguruma. Nicanor akapiga magoti. "Wanne! Naapa kwa kaburi la mama yangu, ni wanne!"

"Mpeni muda," mtu akapaza sauti, "atafika watano!"

"Wa mwisho ni Odhiambo," afisa akasoma.

"Odhiambo yupi? Sina Odhiambo mimi!"

"Hata mwaka jana hukuwa na mtu," mchimbaji mmoja akasema, akatema mate karibu na viatu vyake. Akina Odhiambo ni wengi Masara kama kokoto.

Siku ya kwanza walitolewa wawili wangali hai. Mmoja hakuweza kusema. Mwingine alipoulizwa wenzake ni wangapi, alitikisa kichwa: kule chini mtu huijua taa yake tu. Siku ya pili walitolewa wawili waliokufa. Siku ya tatu kuta zilianza kuvuja maji, na kiongozi wa waokoaji akataka kukunja kamba.

Afisa akamvuta Bathsheba kando. "Dada, vijana wangu wanaweza kufa humo. Huyu Odhiambo, una hakika yuko chini?"

"Yuko chini."

"Ulimwona akishuka? Kwa macho yako?"

"Nilimfungia kamba mimi mwenyewe. Alikuwa amevaa buti la mpira nililoliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli."

"Upande gani?"

"Machweo."

Vijana wakajivuta tena shimoni, tope likiwafika kiunoni. Ndani ya gari la polisi Nicanor alikuwa bado akilia, "Wanne, jamani, wanne," mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyegeuza shingo.

Siku ya nne, jua likiwa utosini, kamba ilitikiswa kutoka chini. Watu wakavuta. Kijana wa kwanza alipanda, akavua kofia yake ya plastiki, akamtazama afisa kama anayeomba radhi.

Kwenye turubai lililomfuata kulikuwa na mifupa ya mtu, mitupu, ina rangi ya udongo, na buti moja la mpira lenye kiraka cha tyubu ya baiskeli.

Afisa alimgeukia Bathsheba. Simu ilikuwa tayari sikioni mwa Bathsheba.

"Mama," alisema, "lile tunda litupe. Namleta Odhiambo."