Maziwa ya Babu

Choo cha Babu kilikuwa cheusi tena, na daktari hakukipenda hata kidogo.

"Mzee akipungukiwa damu, kwanza tunatafuta inakovuja," alimwambia Bibi. Walishampitishia Babu mpira wenye kamera hadi tumboni. Hapakuwa na kidonda wala uvimbe.

Babu alikaa kitandani, midomo imepauka, utani haujapauka. Bibi, mkewe tangu ujana, alimmiminia maziwa kutoka kwenye chupa aliyotoka nayo nyumbani. Hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kumnywesha. Wee, nani angethubutu kumnyang'anya kikombe? Na Bibi mwenyewe alikuwa amefika wodini akihema, viganja vyeupe kabisa.

"Umetia nini humu? Yana ukakasi," Babu alisema.

"Nimetia mapenzi. Kunywa."

"Basi mapenzi yako yameingia kutu, mke wangu." Akanywa.

Muuguzi alicheka. Daktari hakucheka. Alimvuta Bibi pembeni kidogo, ingawa masikio ya Babu yalishastaafu zamani, yakabaki kumsikia mkewe tu.

"Bibi, kupungukiwa damu si ugonjwa mmoja. Wewe umekosa madini ya chuma, na vidonge tulivyokupa vinatosha kabisa. Wa Babu ni mwingine. Uboho wa ndani ya mifupa yake umechoka, hautengenezi damu. Chuma anacho tele, ila hakina kazi, kinajilundika kwenye ini na moyo."

"Si mkitoe?"

"Tunakitoa kwa dawa. Kesho yake kimerudi, na hatujui kinatoka wapi." Daktari akameza mate. "Moyo umeshindwa, Bibi. Waite watoto waje leo."

Bibi alishika ukingo wa kitanda. Akamtazama mzee wake.

Daktari akamsogezea kiti. "Kaa, mama yangu. Na wewe usije ukatuangukia hapa. Mwaka mzima nakupa vidonge, damu haipandi hata chembe. Choo chako hakijawahi hata kubadilika rangi, na vidonge vile lazima vikifanye cheusi. Niambie ukweli, sitakugombeza. Unavipeleka wapi?"

Kitandani, Babu aliinua kikombe akamalizia tone la mwisho, kisha akamwonyesha mkewe kuwa hajabakiza kitu.

"Nilimwona yeye ndiye aliyezidiwa, mwanangu," Bibi akasema. "Namsagia kwenye maziwa."