Kabureta ya Nne

Fundi alizitambua zile kabureta nne za pikipiki kubwa alipokuwa anafunga ya mwisho kwenye injini ya gari kuukuu la shemeji yake. Skrubu moja ilikuwa na kichwa kilichochongwa upya kwa tupa. Aliichonga yeye mwenyewe, kwa ajili ya pikipiki ya mume wake.

"Shemeji, hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu," alijibu yule mdogo wa mume wake, akiwa ameegemea mlango wa gereji. "Kwani hazikai?"

Ndiye aliyeleta habari, masika iliyopita, kwamba kaka yake amevuka mpaka na pikipiki kwenda kutafuta maisha. Tangu hapo, kimya kama maji mtungini.

"Zinakaa. Hebu washa tusikie."

Injini ilikohoa, ikazima. Fundi akainama na kulegeza skrubu ya chini ya kabureta ya nne ili amwage uchafu.

Yakatoka maji. Yalikuwa ya baridi, yananuka matope ya mto. Bakuli la kabureta halizidi kikombe cha kahawa, lakini maji hayakukoma. Yalijaza kopo alilotega chini, yakafurika, yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya shemeji.

"Funga!" alipiga kelele, akirudi nyuma. "Shemeji, nakuomba, funga!"

Fundi hakufunga. Alijifuta mikono taratibu kwenye ovaroli, akamtazama usoni.

"Kaka yako ulimwacha sehemu gani ya mto?"