Mbolea Kwenye Tuta la Misonobari

Msimamizi wa kitalu aling'oa mche wa tatu, akaukung'uta udongo, na mizizi ilipojitokeza akaporomosha tusi ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Juu, msonobari ulikuwa umestawi hasa: kijani kibichi, kimo cha kutamanisha. Chini, mizizi ilikuwa mitupu. Zile nyuzi nyeupe za kuvu, zinazoikumbatia mizizi na kuitafutia maji na chakula ardhini, hazikuwapo.

"Nani anatia mbolea hapa?" alifoka.

Mmwagiliaji, mtu mzima na familia yake, aliapa. "Dada, haki ya Mungu, si mimi."

"Imejitia yenyewe? Mche ukilishwa hivi unamsusa kuvu wake! Mwezi ujao kampuni iliyoagiza miche hii inakuja kuichukua. Miche ikifika kwenye ardhi kavu kule mlimani itakauka yote, na atakayelaumiwa ni mimi!"

Mchana, watu walipokwenda kula, msimamizi alijibanza nyuma ya rundo la viriba vya kuoteshea miche. Leo mtu atamtambua. Hakungoja sana. Nyayo zikaburuzika kwenye changarawe, na aliyeinama juu ya tuta, mkebe mkononi, alikuwa baba yake mzazi.

Baba! Huyu huyu aliyekiendesha kitalu kabla yake. Huyu aliyemfundisha kuchanganya udongo wa msituni ili kuvu ashike mizizi, na aliyekuwa haelewani na yeyote anayesogeza mfuko wa mbolea karibu na misonobari.

Alichomoka pale alipojificha. "Baba, umerukwa na akili? Angekuwa mwingine ningemkunja shati! Nimemvunjia heshima mtu wa watu bure, kumbe adui yangu ninakula naye sahani moja!"

Mzee hakushtuka. Alichota konzi nyingine, akainyunyiza.

"Itakufa, Baba! Yote!"

"Najua."

"Unajua?"

"Wewe ulishawauliza wanakwenda kuipanda wapi?"

"Mlimani. Si kwenye shamba lao jipya?"

"Nilipanda huko kulitazama, mvua zilipoanza." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo, lakini taya zilikuwa zimekaza. "Sikuwa na mdomo wa kukuambia. Wamepitisha trekta makaburini kwetu, mwanangu. Wamesawazisha, pakawa kama uwanja. La mama yako limo."

Binti akaupokonya ule mkebe, akaujaza mbolea mpaka ukafurika, akahamia tuta lililofuata.