Raba Mbili za Breki

Drusilla aliweka raba mbili za breki kwenye kaunta yangu. Wateja wa Ogembo hawataji kipuri kwa jina. Huleta cha zamani, wapewe kinachofanana nacho.

"Nipe kama hizi," alisema. "Mwanangu ataanza kubeba ndizi kwa baiskeli ya marehemu."

Mumewe tulimzika juzi. Breki zilimkatalia mteremkoni, mvua ikinyesha.

Niligeuza zile raba. Zilikuwa bado nene, ngumu kama kwato, raba za rimu za chuma. Rimu za baiskeli ya marehemu zilikuwa za alumini. Nilijua hivyo siku nilipomuuzia raba hizo. Zinazofaa zilikuwa zimeniishia.

Nikamsogezea nyingine. "Chukua hizi laini, mama. Hizo hazishiki alumini ikilowa."

Drusilla hakuzigusa.

"Mbona yeye ulimpa hizi?"