Bahasha Sita za Mrusha Mkuki

Mrusha mkuki hakuisubiri medali yake. Mkuki wa mwisho ulikuwa bado unatetemeka kwenye nyasi, mita themanini na tano na ushee, watazamaji wamesimama wanashangilia, yeye akabeba begi lake na kutokea mlango wa wafagiaji. Kule juu kwenye ngazi alikuwa amemwona tena mwanamke wa koti la kijivu.

Hii ilikuwa nchi ya tatu. Mwanamke yule alikuwa daktari wa ofisi inayopima mikojo ya wanamichezo, na kwa miezi minane hakuchoka kumwandama. Kwanza zilikuja barua, bahasha za kahawia zilizogongwa muhuri wa SIRI, afungue mhusika peke yake. Zilifika sita, na zote sita mhusika alizichoma bila kuzifungua. Kisha zikaanza simu. Akabadilisha laini.

Barua ya ofisi ile haimletei mtu salamu. Alimfahamu mrusha tufe mmoja aliyeifungua ya kwake: miaka minne nje ya uwanja, na sasa anabeba magunia sokoni. Yeye alikuwa na miaka thelathini na miwili, kiwiko kimeshonwa mara mbili, na mashindano ya dunia yalikuwa yamebaki majuma kumi. Nafasi nyingine asingeipata. Tena alijua fika ni dawa gani aliyokuwa amejidunga wiki ile wapimaji walipobisha hodi nyumbani. Aliyemsindikiza chooni alikuwa mzee mwenye haya, akageukia ukuta. Aibu ya mzee yule ndiyo iliyomwokoa, au ndivyo alivyodhani mpaka barua zilipoanza kuja.

Aliyeijua habari yote alikuwa mmoja tu: kaka yake, fundi wa kuchomelea milango, aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Mkuki wake wa kwanza kaka ndiye aliyeuunda, kwa bomba la pazia.

"Ifungue, bwana mdogo," kaka alimwambia siku ya bahasha ya nne, mkono mmoja kiunoni. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. "Kama ni kosa, tulikosa wote."

"Nikiifungua nimekwisha, kaka. Nisipoifungua, bado narusha."

"Anayerusha mkuki huku amefumba macho atakuja kumchoma mtu."

"Acha maneno yako. Kwanza umekonda, mkanda unakuzunguka mara mbili. Shemeji anakula peke yake?"

Kaka alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. Wote nyumbani walisema ni moshi wa kuchomelea. Mrusha mkuki alimnunulia barakoa, akapanda ndege kwenda kurusha.

Sasa, aliporudi kutoka nchi ya tatu, shemeji alimpokea mlangoni kwa kilio. Kaka alikuwa amerudishwa kutoka hospitali. Ugonjwa umeenea hadi kwenye mapafu, madaktari wamesema tumechelewa, tukae naye tu. Aliingia, akamshika mkono, akauona umekuwa mwepesi kama wa mtoto. Akatoka nje kulia, maana mbele ya mgonjwa hakuweza.

Alikuwa bado amekaa kizingitini geti lilipofunguliwa. Koti lilikuwa lile lile la kijivu, na viatu vimejaa vumbi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakunyanyuka.

"Sema," mrusha mkuki alimwambia daktari. "Nifungieni. Leo sijali tena."

"Tukufungie kwa lipi? Mkojo wako ulikuwa safi, hauna dawa hata chembe." Daktari aliketi kando yake bila kukaribishwa, pumzi juu juu. "Ndugu yangu, umenitesa. Kocha wako siwezi kumwambia, hii ni siri ya mgonjwa. Barua hujibu, simu hupokei, uwanjani unanikimbia kana kwamba nakudai roho. Nilikuwa nataka kukuokoa."

"Kuniokoa na nini?"

"Maabara waliona kitu ambacho mwanamume hatakiwi kuwa nacho kwenye mkojo. Ni dalili ya uvimbe sehemu za siri. Miezi minane iliyopita ulikuwa bado mdogo. Ni upasuaji mfupi, mtu analala siku mbili anarudi kazini, na karibu wote hupona. Ukiachwa, hupanda mgongoni, halafu mapafuni. Njiani kote nilikuwa naomba nisikukute kitandani."

Akamtazama mabega, shingo, ile mikono minene kama nguzo. Uso wake ukaingiwa na mshangao.

"Lakini mbona wewe ni mzima kabisa?"

Mrusha mkuki aligeukia mlangoni. Ndani, kaka yake alikuwa ameanza tena kukohoa, kaka ambaye siku ile ya wapimaji, kwa kumhurumia mdogo wake, alimpa mkojo wake.