Neno la Mshtuko

Mtihani wa Kiingereza haukuwa tena wa karatasi. Kidude kilichobandikwa nyuma ya sikio kilipima neno linalomtoka mwanafunzi anaposhtuka, maana neno la mshtuko huwezi kulighushi. Bwenini, Saumu na wenzake walifinyana na kumwagiana maji baridi mpaka "mama wee" ikawaisha mwilini, Kiingereza kikashika nafasi yake. Neno moja la Kiswahili katika mshtuko lingetosha mtu kufukuzwa chuo.

Likizoni Saumu alikaa kwa bibi yake, Bi Mwanaheri, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kidude kikiwa bado nyuma ya sikio, Saumu alishinda akijisemea Kiingereza, na bibi akazoea kutomsikiliza.

"Ongea na dude lako, mjukuu wangu. Mimi nakaanga kalimati zangu."

Alipomaliza, bibi alirudi kinyumenyume akitafuta kigoda. Karai la mafuta ya moto, aliloliepua na kulisahau, lilikuwa sakafuni nyuma ya visigino vyake. Saumu akapiga kelele kumwonya. Kikatoka Kiingereza.

"Endelea tu, sikukatizi," bibi akasema, akarudi hatua nyingine.

Potelea mbali chuo, Saumu akawaza. Akafumbua kinywa aseme "simama". Kikatoka Kiingereza tena.

Akaruka, akamvuta kwa kanga. Karai likapinduka, mafuta yakatapakaa hatua moja tu kutoka miguuni mwao.

Bibi alimshika mikono. "Kumbe ulikuwa unaniambia mimi?"

Saumu aliitikia kwa kichwa, kiganja kikiwa kimeziba mdomo, kwa kuwa hakujua ni neno gani lingetoka.