Uso wa Mfalme Kogon

Dada mmoja aitwaye Sikujua alibana pumzi, akatumbukiza mikono kwenye beseni hadi viwikoni, akainua furushi la utumbo wa ng'ombe na kulitandaza juu ya tumbo la maiti.

Maiti akapiga chafya.

"Samahani, dada. Nzi kaniingia puani."

"Tulia, Matia. Matumbo yakiteleza siyashiki mara ya pili."

Ilikuwa siku ya tatu ya filamu hiyo, ndani ya ghala moja Ras Al Khor, Dubai. Matia, mlinzi wa Kiganda aliyekuwa likizo, na wenzake arobaini walilala chali mikekani, wamevaa deraya na barakoa za askari wa Kijapani. Sikujua aliajiriwa kufanya usafi. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ingeanza kwa kuchafua. Taa ziliyapika yale matumbo hadi yakatoa povu, na harufu ilimfuata mpaka chumbani kwake Al Nahda. Alisugua mikono kwa ndimu, akala wali kwa kijiko, na bado wenzake wa chumbani walikisogeza kitanda chake karibu na mlango.

"Sir," alimwuliza Nabil, mwongozaji wa filamu, "huyu mfalme alikuwa nani hata watu wafe hivi?"

"Kogon. Karibu miaka mia saba iliyopita. Majemadari walimpeleka mfalme mwingine kisiwani, wakamkalisha huyu kijana kwenye kiti chake. Yule wa kisiwani akatoroka, vita vikageuka. Majemadari wakakimbia na kijana wao, wakazingirwa. Wakajichana matumbo kwenye ua wa hekalu, zaidi ya mia nne. Yeye ana miaka kumi na tisa, kaketi tu, anatazama."

"Naye wakamuua?"

"Hapana. Walimrudisha mjini, wakamnyang'anya kiti. Aliishi miaka mingine thelathini, akafa mtawa."

Sikujua alimwonea huruma. Singida alikuwa na mdogo wake wa umri huo huo. Mtoto wa watu wamempandisha, wamemvisha, wamemburura milimani, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza anataka nini.

Kijana aliyemwigiza Kogon alizaliwa na kukulia Dubai, mama yake Mjapani. Ghala zima lilimwita Mfalme. Hakuwa na maneno mabaya kwa mtu. Tatizo lake lilikuwa uso. Nabil hakutaka hofu wala majonzi. Alitaka kinyaa, uso wa mtu aliyekinai damu, askari na hata kiti chenyewe. Kwa siku tatu kijana alikunja pua, akabinua mdomo, akafanana na mtu aliyenyimwa usingizi.

"Huyo anaigiza," Nabil alikuwa akisema kila mara. "Mimi namtaka asiigize."

Walipopumzika Sikujua alivua glavu, akanawa kwa sabuni mara mbili, akampelekea Mfalme glasi ya maji. Kijana aliipokea glasi kwa karatasi ya tishu. Hakunywa. Aliiweka chini, akafuta vidole kimoja kimoja.

Maskini, yale matumbo yamemchafua roho kabisa, Sikujua aliwaza.

Nabil, aliyekuwa akila kwenye kiti chake nyuma ya skrini, aliacha kutafuna, akawatazama wote wawili.

Baada ya adhuhuri aliwaruhusu maiti wote wakale. Mikeka ikaondolewa. Kasian, dereva, alikuwa ametumwa machinjioni kuleta matumbo mapya, na Sikujua alisikia gari likirudi nyuma hadi kwenye mlango wa ghala.

"Njoo," Nabil alimwambia. "Simama mbele yake. Wewe ndiye jemadari wake wa mwisho, unamuaga. Nikiinua mkono, Kasian atafunua beseni nyuma yako. Usigeuke."

"Nivue aproni, sir?"

"Hapana. Kaa hivyo hivyo. Msogelee. Zaidi. Yalla, mnyooshee mkono."

Sikujua akanyoosha mkono. Alisahau kamera. Mbele yake aliketi kijana wa kumi na tisa aliyepoteza kila alichopewa bila kukiomba, naye akamtazama kwa huruma aliyokuwa nayo yote, mpaka machozi yakamlenga.

Nabil akainua mkono.

Ilianzia puani mwa kijana. Mdomo wa juu ukapanda, shavu likatetemeka, macho yakawa ya mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Akajivuta nyuma kitini mpaka mgongo ukagota. Hapakuwa na chembe ya kuigiza. Sikujua mwenyewe alisisimkwa na mwili kwa kufikiria tu kilichokuwa nyuma yake.

"Khalas, imetosha," Nabil akasema taratibu, kisha akapiga makofi. Mpiga picha naye akapiga. Kijana aliinuka, akapita mbali na Sikujua, akatoka.

Sikujua alijifuta macho kwa bega. Siku tatu za uvundo hazikupotea bure. Akageuka, akitabasamu, kumtafuta Kasian.

"Kaka, umetuokoa. Hayo ya leo lazima yanawasha macho. Mimi hata sikuthubutu kutazama."

Kasian alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi. Alimtazama Nabil, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Dada," alisema, "matumbo bado yako kwenye gari."